Mashine ya kuoshea santuri: ninunue ipi?

SWALI

Shikamoo Mzee wa Santuri,

Mimi ni msomaji wako wa hapa Ngamiani, Tanga. Baba yetu alifariki mwaka jana, na katika kugawana vitu vya nyumbani niliangukiwa na kabati la santuri ambalo ndugu zangu wote walilikwepa. Mna sahani ndogo kama mia nne, nyingi za bendi za dansi za miaka ya 60 na 70. Mna elpii, zile sahani kubwa, kama hamsini, rumba ya Kongo na nyimbo za filamu za Kihindi. Chini kabisa kuna boksi la mbao lenye sahani nzito za taarab alizoacha bibi mzaa baba, nazo sijathubutu hata kuzipiga.

Tatizo ni kwamba kabati lilikaa miaka mingi chumba cha uani kilichokuwa kinavuja. Sahani zimeota ukungu mweupe, nyingine zina alama za vidole zilizogandamana na vumbi. Nikiweka moja kwenye mashine ya kupigia, nasikia makaango ya samaki kuliko gitaa.

Binamu yangu anafanya kazi Maskati na anakuja likizo kabla ya Ramadhani. Kasema ataniletea mashine ya kuoshea santuri, ile ya altrasoniki, inayoosha kwa mawimbi ya sauti majini, mimi nitamrudishia pesa kidogo kidogo. Amenitumia picha tatu nichague. Ya kwanza ni Degritter ya Estonia, na bei yake ilinifanya nizime simu. Ya pili ni HumminGuru ya Hong Kong, ndogo, bei ya wastani. Ya tatu haina jina la maana: ni beseni la chuma la lita 6, kama yale ya kuoshea vipuri, limefungwa mhimili wenye mota unaozungusha sahani kadhaa kwa mpigo. Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote.

Binamu anasema ya kwanza ina kilohezi 120 na hizo nyingine 40, kwa hiyo ya kwanza inasafisha mara tatu zaidi. Shemeji yangu ni fundi redio, na yeye anasema wote tunataka kuibiwa: nichukue spiriti ya hospitali na pamba, nifute, basi.

Siuzi hata moja. Nataka kuzisikiliza, kisha nizihamishie kwenye kompyuta ili ndugu zangu walioko mbali nao wazipate. Nishauri, Mzee wangu.

Msomaji, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa msiba, na hongera kwa kubaki na kabati. Walioacha watakuja kulililia.

Kwanza kabisa, chupa ya spiriti iondoke chumbani leo. Zile sahani nzito za bibi, kama ni za mizunguko 78 kwa dakika, hazikutengenezwa kwa plastiki. Zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wa India uliochanganywa na unga wa mawe. Shelaki ndiyo ileile ambayo seremala huiyeyusha kwa spiriti ili apake fanicha ing'ae. Ukipitisha pamba ya spiriti juu ya sahani ya namna hiyo, unapangusa muziki wenyewe. Kwenye plastiki spiriti kidogo haiui, ila pamba inaacha nyuzi na uchafu unasukumwa hadi chini ndani ya mfereji, ule mstari mwembamba ambamo sindano hupita, badala ya kutoka. Shemeji ni fundi na nitampa kazi yake huko mbele, lakini hii siyo.

Sasa hesabu ya binamu. Kilohezi 40 maana yake ni mitetemo elfu 40 kwa sekunde, kupita kabisa kile sikio linachoweza kusikia. Mawimbi hayo yakipita majini huyavuta na kuyasukuma. Yanapovuta, vinazaliwa vipovu vidogo mno. Yanaposukuma, vipovu vinabomokea ndani, na kila kinachobomoka kinarusha mchirizi wa maji wenye nguvu. Kinachong'oa uchafu ni mchirizi huo, si maji kutikisika. Mitetemo ikiwa michache, vipovu vinakuwa vikubwa na vina kishindo: vinafaa kwa tope la muda mrefu. Mitetemo ikiwa mingi, vipovu vinakuwa vidogo, vingi na vipole, na vinaingia pembamba. Mfereji wa elpii una upana wa kama milimita 0.05 au 0.06 pale juu, kwa hiyo wanaosifu kilohezi 120 wana hoja. Ila hiyo "mara tatu" ya binamu haipo. Nguvu inayofika majini, muda wa kuosha, aina ya uchafu na usafi wa maji vina uzito kuliko namba iliyoandikwa kwenye boksi. Mashine nzuri ya kilohezi 40 inaosha vizuri.

Mimi ningeanza na swali jingine: kelele unayoisikia ni uchafu au ni uchakavu? Maana hakuna mashine, hata ile ya bei iliyokufanya uzime simu, inayorudisha mfereji uliolika. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania pale Dar es Salaam, sahani zikachapwa Nairobi. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikaziba, haukufunguliwa hadi 1983. Kwa hiyo mtu mwenye sahani yake nzuri aliipiga hiyohiyo, harusini na mwaka mpya, kwa mashine za wakati ule ambazo mkono wake unaobeba sindano ulikuwa mzito, na kwa sindano iliyokwisha makali zamani. Usishangae ukikuta nyimbo alizozipenda marehemu kuliko zote ndizo mbovu kuliko zote.

Namna ya kujua ni rahisi. Toa sahani mbili tatu, moja iwe ile unayojua alikuwa haiachi. Ziinamishe chini ya taa inayotoka ubavuni. Ukungu unaonekana kama madoa au utando wa buibui unaokatiza mifereji bila mpangilio. Mfereji uliolika unang'aa kijivu kwa mstari, unafuata duara, na mara nyingi unazidi karibu na lebo. Kisha zioshe kwa mkono: maji safi, tone la sabuni ya maji isiyo na manukato, brashi laini inayofuata mfereji, suuza, kausha, piga. Kama makaango yamepungua sana, ulikuwa uchafu, na mashine itakusaidia kweli. Kama hayajapungua hata kidogo, zitenge hizo pembeni na usizihesabu unapoamua kununua mashine. Na kabla hujahukumu sahani yoyote, badili sindano. Sindano kuukuu inafanya kila kitu kisikike kibovu, tena inaendelea kukata.

Tuseme nyingi ni uchafu. Kwa ukungu wa chumba kinachovuja nadhani ndivyo ilivyo. Basi tuzitazame mashine zako tatu kwa kuangalia kabati lako, si kwa kuangalia picha za binamu.

Beseni la lita 6 lina wapenzi wengi na mimi silidharau. Mtu mwenye elpii elfu moja na karakana nyuma ya nyumba atalifurahia. Kwako lina mambo manne yanayonikera. La kwanza ni sahani ndogo. Mhimili umewekwa kwa kimo cha elpii, ambayo kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 15. Sahani yako ndogo haifiki hata sentimita 9, kwa hiyo itaning'inia hewani ikizunguka bila kugusa maji, isipokuwa mhimili uweze kushushwa. Ukiushusha, vipimo vinakuwa vya kubana: mifereji ya sahani ndogo ina upana wa kama sentimita 3 tu, halafu lebo. Maji yakizidi kidogo, lebo inalowa. Na lebo za Nairobi za miaka ile ni karatasi nyepesi yenye wino usiopenda maji. La pili ni hita. Mabeseni haya yana hita inayofika nyuzi 80 kwa sababu yalitengenezewa vipuri vya chuma. Plastiki ya santuri inaanza kulegea karibu na nyuzi 60, na hata bila hita maji yanapata moto yenyewe mashine ikifanya kazi mfululizo. Ukilinunua, hita usiiguse, na maji yakipita nyuzi 35 pumzika. La tatu, halikaushi. La nne ndilo kubwa: ukungu wa sahani moja unaingia kwenye lita 6 zinazooshea nyingine zote, na wewe, kwa uchungu wa kumwaga lita 6 za maji ya kununua, utajishawishi kwamba bado ni masafi.

Kama bado moyo wako uko kwenye beseni, mwambie binamu alijaribu kabla hajalipa. Akate kipande cha foili ya jikoni, akining'inize wima majini bila kugusa chini, awashe mashine kwa nusu dakika hadi dakika moja, kisha akitoe akishike kwenye mwanga. Foili iliyokaa kwenye mawimbi ya kweli inatoka imetobokatoboka vitundu na kuparara kama ngozi yenye harara. Ikitoka nzima, hiyo ni beseni ya kutikisa maji, na madukani zimo nyingi, hasa zile ndogo za kuoshea miwani zinazojiita altrasoniki. Asome vizuri na wati: wauzaji wengine hujumlisha wati za hita na za mawimbi ili namba ipendeze. Na kamwe lisiwashwe likiwa kavu, linaungua.

Degritter ni mashine nzuri, sina neno. Inachuja maji yake yenyewe kwa pampu, inakausha, na kilohezi zake 120 ni pole kwa sahani. Lakini inaosha moja moja kama ile ndogo, na kwa tofauti ya bei baina yao ungenunua mashine nzuri ya kupigia, sindano mbili, na kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, na chenji ikabaki. Lengo lako ni kusikiliza na kuhifadhi. Pesa yote ikienda kwenye kuosha, utakuwa na santuri safi na kitu kibovu cha kuzipigia.

Kwa hiyo mimi nakuchagulia hiyo ya kati, HumminGuru. Tangi lake halifiki nusu lita, na kwa mtu mwenye ukungu huo ndio uzuri wake: unamwaga bila uchungu kila baada ya sahani chache. Inazungusha yenyewe, inaosha, inaondoa maji, inakausha kwa feni. Sahani moja kwa wakati ni polepole, lakini wewe unahamishia kwenye kompyuta, na hiyo kazi nayo haina mbio. Moja inaoga, nyingine inarekodiwa. Jambo moja tu la kusisitiza kwa binamu: adapta ya sahani za inchi 7 inauzwa kando. Bila hiyo, katika kabati lako lote utaosha elpii hamsini na kubaki unatazama mia nne.

Kuhusu umeme hamna shida, Maskati na Tanga tunatumia volti za aina moja na plagi ya pini tatu ileile. Ila kama ataagiza kutoka Marekani au Japani, aangalie kibandiko cha nyuma. Mashine ya volti 110 ukiichomeka hapa, utasikia harufu kabla ya muziki. Na ushuru wa bandarini au uwanja wa ndege muuweke kwenye hesabu mapema.

Sasa maji, maana hapa ndipo watu wanapoharibu kila kitu walichonunua. Usitumie ya bomba, na ya kisima cha pwani hata usiyafikirie. Yakikauka yanaacha chumvi na chokaa kwenye mfereji, na sindano itakusomea chokaa hiyo kila mzunguko. Unataka maji ambayo hayana kitu ndani yake, yale wanayouza vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri. Lakini soma chupa, mwanangu! Dukani watu huita "maji ya betri" vitu viwili: yale ya kuongezea, ambayo ni maji matupu yaliyochujwa kwa mvuke, na yale ya kujazia betri mpya, ambayo ni asidi. Ukimwambia kijana wa kituo "nipe maji ya betri" anaweza kukupa chochote kati ya hivyo. Kama chupa haikuandikwa wazi, iache.

Ndani ya maji hayo ongeza matone machache ya dawa ya kuyalainisha, ili yashike plastiki badala ya kujikunja matone matone. Wapiga picha wa filamu walikuwa na kitu hicho, Photo-Flo ya Kodak au Ilfotol, na binamu anaweza kuipata. Matone machache ni machache kweli, povu likitokea umezidisha. Sabuni ya vyombo yenye ndimu na kulainisha mikono usiiweke, inaacha utando. Spiriti usiitie kwenye mashine hata kwa elpii: ni kitu cha kuwaka moto, na unakipasha mvuke juu ya umeme.

Kila ukijaza maji mapya, washa mashine bila sahani kwa dakika tano hivi. Maji mapya yana hewa iliyoyeyuka ndani, na hewa hiyo inakula nguvu ya vipovu. Watu wengi wanaruka hatua hii kisha wanalalamika mashine haina nguvu.

Sahani zenye ukungu hazitiwi kwenye mashine moja kwa moja. Zitoe nje, vaa barakoa, pangusa ukungu mkavu kwa brashi laini upepo ukiwa unakwenda mbali nawe. Kisha ioshe kwa mkono kama nilivyosema, ndipo iingie kwenye mashine kumalizia kile ambacho brashi haikifikii. Ikitoka, ishike kwa kingo na lebo, isimame kwenye kichanja cha sahani za chakula hadi uhakikishe imekauka kabisa. Zile bahasha za karatasi zilizoota ukungu usizirudishie. Ukiitia sahani safi kwenye bahasha ile, umeirudishia mbegu yake, na kwa unyevu wetu wa pwani miezi michache inatosha. Bahasha zenye maandishi unayoyapenda zipige picha, zitenge peke yake, sahani uzivalishe mpya. Kabati nalo lisirudi kule uani.

Limebaki boksi la bibi. Hilo usiliingize kwenye mashine yoyote. Wapo wanaoosha sahani za 78 kwa altrasoniki na wanaapa hazidhuriki, lakini mimi sahani ya shelaki yenye ufa nisiouona, tena ambayo huenda haina nakala nyingine, siitumbukizi. Anza kwa kupiga picha lebo zote, pande zote mbili, pamoja na namba zilizochongwa pale pasipo na mifereji karibu na lebo. Namba hizo ndizo zinazowaambia wajuzi ilirekodiwa wapi na lini. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na sahani za enzi hiyo bado zinaibuka katika maboksi ya mbao kama hilo lako. Vumbi litolewe kwa brashi kavu. Kama pana haja ya maji, kitambaa laini kilicholoana kidogo na maji yale matupu, kwa haraka, mbali na lebo, kisha kausha papo hapo. Zisimame wima, usizipange moja juu ya nyingine, zinavunjika kama kigae.

Na hapa ndipo shemeji anapoingia. Sahani hizo zina mfereji mpana karibu mara tatu ya elpii, kwa hiyo sindano yako ya kawaida itateleza chini kabisa ya mfereji, mahali palipojaa uchafu, na itakuletea kelele tupu. Zinahitaji sindano nene ya 78 na mashine yenye mzunguko huo. Mpe fundi redio kazi hiyo: atafute sindano, apime uzito wa mkono, amalize na ule mvumo wa waya wa ardhi (earth) usiofungwa vizuri ambao, nikikisia, nayo imo kwenye hayo makaango yako. Binamu akiwa bado madukani, aulizie na hiyo sindano, maana Maskati ataipata kwa urahisi kuliko ninyi hapo Tanga.